Ekari zimelimwa nyingi, lakini udongo umetayarishwa?

Kila Februari na Machi hapa Kenya, kutoka Njoro na Rongai hadi Bungoma, Busia na uwanda wa Kano, habari za kilimo hutawaliwa na matrekta. Kaunti inazindua mengine, chama cha ushirika kinanunua lake, vijana wanawaunganisha wakulima na wenye matrekta kwa simu, na msimu ukiisha tunatajiwa ekari ngapi zimelimwa. Idadi hiyo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba chakula kitaongezeka. Upande wa pili wako wanaosema plau yenyewe ndiyo adui, na kwamba shamba lisiguswe tena na chuma. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya jambo ambalo haliamui mavuno. Mtambo hujenga au huharibu udongo kulingana na unyevu wa siku ile, kina ambacho chuma kimefika, na kama chombo kilichofungwa nyuma ya trekta kinafaa udongo wa mahali hapo. Malipo ya ekari hayapimi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ndiyo maana kuna mashamba yanayolimwa kwa trekta kila mwaka, na bado mahindi yake hujikunja majani wiki moja tu baada ya mvua kukatika.

Tuanze na kazi yenyewe. Ekari moja ikilimwa kwa kina cha sentimita 20 ni kama mita za ujazo 800 za udongo, karibu tani 970 kwa udongo wa kawaida. Tunausumbua mzigo wote huo kwa sababu chache tu: kuua magugu, kuchanganya mabua na mbolea, kuvunja ukoko wa juu ili maji yaingie, na kuipa mbegu mahali inapogusana na udongo wenye unyevu. Chombo kinachofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwetu ni plau ya diski tatu inayovutwa na trekta la hosipawa 75 hivi. Diski inafaa mashamba yenye visiki, mawe na mizizi kwa sababu huviringika na kupanda juu ya kizuizi, haikwami kama plau ya ubao. Ila huingia ardhini kwa uzito wake. Haina ncha ya kujivuta chini. Diski mpya ya inchi 26 iliyonolewa hukata vizuri. Ikishalika hadi inchi 22, na ukingo wake ukawa butu, hupanda juu mara tu inapokutana na udongo mkavu. Hapo mwenye trekta ana njia mbili: anunue diski mpya, au angoje mvua ilainishe shamba. Wengi hungoja mvua, na mkulima huambiwa kwamba huo ndio wakati unaofaa kulima.

Sasa tazama kinachotendeka chini ya diski hiyo katika udongo mbichi. Plau inapokata mtaro, magurudumu ya upande wa kulia ya trekta hupita ndani ya mtaro uliotangulia, juu ya udongo wa chini ambao haujalimwa. Trekta la ukubwa huo lina uzito wa tani tatu hivi kabla hujahesabu plau, na gurudumu la nyuma lililojazwa upepo wa barabarani hukanyaga sehemu ndogo kwa nguvu kubwa. Gurudumu likiteleza kupita asilimia 15 hivi, linaburuta na kupaka tope kama mwashi anayelainisha plasta, na vile vitundu ambavyo mizizi na maji vingepitia huzibwa. Mgongo wa diski nao unakandamiza hapo hapo. Mwaka unaofuata plau inarudi kwa kina kile kile, na mwaka mwingine tena. Kati ya sentimita 15 na 25 linajengeka tabaka gumu, mara nyingi la unene wa sentimita 5 hadi 10, ambalo huwezi kuliona ukiwa umesimama juu ya shamba lililolimwa likapendeza.

Athari yake kwa maji inaweza kuhesabiwa. Udongo mwingi wa shambani huweka maji yanayofaa mmea kiasi cha milimita 15 hivi kwa kila sentimita 10 za kina. Mizizi ikizuiwa kwenye sentimita 20, mmea una akiba ya milimita 30. Ikifika sentimita 60, akiba ni milimita 90. Mahindi yanayotoa ndevu hunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Kwa hiyo shamba la kwanza lina siku tano au sita za kuishi bila mvua, na la pili lina siku kumi na tano au zaidi. Majirani wawili wanaweza kupanda mbegu moja, siku moja, kwa mbolea ile ile ya ruzuku, kisha wakavuna tofauti kabisa, na anayekosa akailaumu mbegu. Tena tabaka hilo hudhuru hata mvua ikizidi: maji yanajaa juu yake, mizizi inakosa hewa, majani yanageuka manjano, nitrojeni inapotea, na mengine hutiririka na udongo wa juu kwenda mtoni.

Ng'ombe na jembe la mkono haviponi katika lawama hii. Wapo wanaosema tabaka gumu ni tatizo la mashamba makubwa ya ngano na mahindi ya Nakuru na Trans Nzoia, na kwamba mkulima wa robo ekari kule Vihiga hahusiki. Chimba hapo utajionea. Jembe la mkono linalogonga kina kile kile kwa miaka ishirini huacha sakafu kwenye sentimita 10 hadi 15, na plau ya ng'ombe huacha yake juu kidogo ya ile ya trekta. Tofauti ni uzito. Kinachoumia karibu na uso wa ardhi hutegemea zaidi upepo wa gurudumu au ukubwa wa kwato. Kinachoumia chini sana hutegemea uzito mzima wa ekseli. Sakafu ya jembe inaweza kuvunjwa kwa msimu mmoja wa kazi ya kawaida. Udongo uliokandamizwa na kombaini ya ngano ya tani kumi na kitu iliyoingia shambani baada ya mvua, au na trela la miwa lililozama hadi ekseli kule Muhoroni, huumia chini zaidi ya mahali ambapo plau hufika, na hukaa hivyo miaka mingi.

Kujua kama udongo umeiva kulimwa hakuhitaji maabara. Usichote udongo wa juu, kwa kuwa huo hukauka kwanza na hudanganya. Chimba hadi kina unachotaka plau ifike, chukua donge kutoka hapo, uliviringishe kati ya viganja mpaka liwe kama uzi. Ukipata uzi wa unene wa milimita 3 usiopasuka, udongo ni mbichi mno, na trekta likae nje. Ukikatika na kumeguka kabla ya kufikia wembamba huo, basi huo ndio wakati wa plau: bonge litavunjika lenyewe, na haro, chombo cha kuvunja mabonge, itapita mara moja badala ya mara tatu. Donge likiwa gumu kiasi cha kukataa kabisa kufinyangwa, plau ya diski itainua mabonge makubwa kama matofali, lakini kwa chombo cha kupasua chini hali hiyo ndiyo bora. Dalili nyingine ni ya kutazamwa mtambo ukiwa kazini: ukingo wa udongo uliogeuzwa ukimetameta juani, umepakwa. Msimamishe dereva.

Tatizo ni kwamba mkulima mwenyewe huwa hana uwezo wa kumsimamisha. Mahindi ya nyanda za juu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na kipindi cha ukavu hadi Februari ndicho cha kulima na kupasua. Lakini Januari ni mwezi wa karo. Pesa ya mahindi imeenda shule, mabua yamelishwa ng'ombe, na shamba linakaa hadi mvua ya kwanza ya Machi, wakati kila mtu anataka trekta siku moja. Mwenye trekta analipwa kwa ekari, basi anakimbia. Dereva naye analipwa kwa ekari, anakimbia zaidi, anainua plau hadi sentimita 12 ili apate mwendo. Aliye wa mwisho kwenye foleni analimiwa tope. Huku Kisumu, Kakamega na Busia hali inabana zaidi kwa sababu misimu ni miwili: mazao ya mvua ndefu yanatoka Julai na Agosti, na ya vuli yanatakiwa ardhini papo hapo. Nafasi ya kweli ya ukavu ni ile ya Desemba hadi Februari tu. Ikipita, hairudi hadi mwaka unaofuata.

Kuna jambo ambalo mipango ya kununua mitambo kwa wingi hulipuuza kabisa, nalo ni kwamba udongo wa Nakuru na Magharibi haufanani. Kuanzia Njoro kupanda Molo na Mau Narok kuna udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, wenye mboji nyingi, unaomeguka kwa urahisi. Huo hauhitaji kupondwa. Kuupiga plau mara mbili na haro mara tatu ni kuugeuza vumbi, na kwenye miteremko ile mvua moja kubwa ya Aprili inauteremsha. Mbaya zaidi ni dereva kulima kupanda na kushuka mteremko kwa sababu mkondo ni mrefu. Kila mtaro anaouacha ni mfereji. Shuka sasa hadi Kano, kati ya Ahero na Nyando. Huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, kiasi cha mkono kuingia. Ukavu wake ni jiwe, ubichi wake ni gundi, na siku zinazofaa kulima katikati ni chache mno. Sehemu ya ukarabati udongo huo hujifanyia wenyewe kwa kupasuka, na mahitaji yake makubwa kwa mahindi, pamba au mtama ni matuta mapana yenye mifereji ya kutoa maji kuliko kulimwa chini zaidi.

Na papo hapo Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, sakafu ngumu ni mali. Mkulima wa mpunga huingiza rotaveta, mtambo wa visu vya kuzunguka, majini makusudi, anavuruga tope ili vitundu vizibe na maji yasizame. Akilivunja tabaka lake atamwaga maji ya mfereji bure. Chuma kile kile, kwa udongo wa aina ile ile, ni sahihi kwa zao moja na ni hasara kwa lingine, hata kama mashamba yanatenganishwa na tuta moja. Rotaveta hiyo ikipelekwa kwenye udongo mwekundu wa Kakamega au Bungoma kuandaa mahindi, visu vyake vinavyozungushwa na shafti ya trekta vitasaga bonge hadi unga, vitaacha sakafu laini kwenye sentimita 10 hadi 15, na mvua ya kwanza itafunga uso kwa ukoko ambao mche hauwezi kuutoboa.

Wanaotetea plau wana hoja nzito, nami sizipuuzi. Udongo wa Magharibi mwingi una asidi. Chini ya pH 5.5 aluminiamu huanza kuidhuru mizizi na fosforasi hufungwa. Chokaa haitembei. Ukiimwaga juu na kuiacha, itashuka sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo msimu wa kuweka chokaa ni msimu wa kuichanganya hadi sentimita 15 au 20, na plau au haro ndiyo njia. Mabua yenye wadudu na magonjwa yakizikwa huoza haraka. Viwavijeshi vilivyotuvamia tangu 2017 hugeuka pupa, hatua ya kabla ya kuwa nondo, kwenye sentimita chache za juu, na kuutikisa udongo huo huwaanika kwa jua na ndege, ingawa kwa hilo haro nyepesi inatosha.

Hoja ya magugu ni ngumu kidogo kuliko inavyosemwa. Plau inaua magugu ya mbegu vizuri. Lakini sangari, nyasi inayotambaa kwa mizizi, haiuawi na diski. Kila kipande cha mzizi chenye kifundo huchipua, na haro ya diski hukata mzizi mmoja kuwa vipande kumi na kuvitapanya shamba zima. Chizeli, chombo chenye meno, ikipitishwa udongo ukiwa mkavu, huchomoa mizizi mizima na kuianika juani ikafa. Kayongo (striga), gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, nayo huzaa maelfu ya mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi. Ukizizika kwa plau mwaka huu, plau ya mwaka kesho inazirudisha juu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: kwamba shamba zuri ni lile lililopigwa haro hadi likawa laini kama unga. Mbegu ya hindi ni kubwa, hupandwa sentimita 5 chini, na kitanda chenye vibonge vya ukubwa wa punje ya hindi hadi yai la kuku kinaitosha kabisa. Ngano inataka ulaini kidogo zaidi, na mboga za mbegu ndogo zaidi ya hapo. Lakini kila haro ya ziada inavunja chembechembe zilizoshikiliwa na mboji, inaongeza hewa inayoichoma mboji hiyo, inapitisha magurudumu mara nyingine juu ya udongo uliolegea, na huo ndio hukandamizika kuliko wowote. Mara nyingi haro ya pili na ya tatu hulipiwa ili kurekebisha mabonge yaliyoinuliwa na plau iliyoingia siku isiyofaa.

Upande wa wanaotaka plau itupwe, msingi wao ni sahihi: usisumbue udongo kupita kiasi, uache umefunikwa angalau asilimia 30 kwa mabaki ya mazao, na ubadilishe mazao. Kinachowaangusha kwetu ni hicho kifuniko. Mwenye ng'ombe wa maziwa Bahati au Subukia hawezi kuyaacha mabua shambani Januari wakati nyasi zimeisha. Kuacha kulima bila kifuniko kunazaa uso mgumu, maji yanatiririka, na misimu ya kwanza hupungua mavuno kuliko ilivyokuwa. Kumwambia mkulima ambaye tayari ana sakafu ngumu kwenye sentimita 18 aache kulima kuanzia kesho ni kumfungia tatizo ndani. Kwanza livunjwe, ndipo usumbufu upunguzwe.

Kulivunja kuna kanuni zake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ripa ni jino jembamba linalopasua mstari mmoja hadi sentimita 25 au 30 bila kugeuza udongo. Mistari ikiwekwa sentimita 75, mahindi hupandwa juu yake moja kwa moja, na mvua ya kwanza huingia humo. Ipo ya trekta na ipo ya ng'ombe. Sabsoila ni ndugu yake mkubwa wa sentimita 40 hadi 60, na kila mguu wake huhitaji hosipawa 30 hadi 50, kwa hiyo trekta la 75 livute mguu mmoja, au miwili kwa shida. Kosa la kwanza ni kuitumia kwenye udongo mbichi: jino linachora mfereji wenye kuta zilizopakwa na tabaka linabaki lilivyo. Kosa la pili ni kwenda chini kupita kiasi kwa sifa. Pima tabaka limeishia wapi, kisha uende sentimita 5 chini ya hapo. Ukizama mno, jino linaacha kuinua na kuvunja, linaanza kusukuma udongo pembeni na kuukandamiza zaidi. Kosa la tatu ni nafasi: miguu ikiachana zaidi ya mara moja na nusu ya kina, katikati kunabaki ukuta mzima. Na boliti ya kukatika, ile inayovunjika ili kuuokoa mguu ukigonga kizuizi, iwe ile iliyokusudiwa. Fundi akiweka boliti ngumu ili isimsumbue, jiwe la kwanza litakunja mguu wenyewe.

Hata ikifanywa vyema, nafuu hiyo haidumu magurudumu yakirudi hovyo. Misimu miwili mitatu ya kulima tope inatosha kulirudisha tabaka. Kinachoishikilia ni mizizi: njahi, mitoo, alizeti, au kanola kwa wenye ngano, ikipandwa msimu huo huo ipenye nyufa kabla hazijafunga. Pia magurudumu yafuate njia zile zile kila mara, kwa sababu mpito wa kwanza ndio unaoumiza zaidi, na ya pili na ya tatu juu ya alama ile ile huongeza kidogo. Nusu ekari ya mita 30 kwa 67 ikilimwa kwa urefu, na trekta likageukia mita 6 kila mwisho, karibu moja ya tano ya shamba hukanyagwa kwa kugeuka. Ikilimwa kwa upana ni mbili ya tano. Mteremko ukilazimisha upana, trekta ligeukie njiani au kwenye nyasi za mpaka.

Haya yana maana kwa bajeti za kaunti. Trekta ambalo limenunuliwa na plau ya diski na haro peke yake limenunuliwa nusu. Kila kituo cha mitambo kinastahili kuwa na ripa, chizeli na angalau sabsoila moja ya kuzungushwa kata kwa kata, pamoja na fungu la diski na ncha za kubadilisha, kwa kuwa chuma kilicholika ndicho kinachowasukuma wenye trekta kungojea tope. Ruzuku ya kulimiwa itolewe Desemba na Januari kwa bei ya chini kuliko Machi, na mkulima aruhusiwe kulipa akivuna, ili karo isimpokonye msimu wa ukavu. Malipo ya dereva yafungwe kwenye kina kilichopimwa kwa rula katika sehemu tano za shamba, na apewe haki ya kukataa kazi bila kupoteza siku yake akikuta udongo unaviringika kuwa uzi.

Mkulima naye ana kazi ya kufanya kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Mahindi yakiwa yamesimama bado, achimbe shimo la sentimita 50 kando ya mstari, apige sepetu ubavuni, aangalie mizizi. Ikienda chini moja kwa moja, hana haja ya kulipia sabsoila, hata jirani akimsifia vipi. Ikiwa imepinda ghafla na kutambaa ubavu juu ya udongo uliokaa kama sahani zilizopangwa, apime kutoka juu hadi hapo pinda lilipo na aandike kipimo hicho. Kipimo hicho ndicho cha kumkabidhi mwenye trekta pamoja na ukubwa wa shamba, na ndicho cha kukaguliwa kazi ikiisha.